Kuziba Pasipo Kizibo

Sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu watoto ambao virusi vimeharibu neva za utumbo wao imeandikwa katika fani moja fupi: ripoti ya mgonjwa mmoja. Ugonjwa ni adimu, wagonjwa wametawanyika, na hospitali inaweza kukaa miaka bila kumwona mtoto wa pili wa namna hiyo. Basi elimu yake imejengwa kurasa mbili mbili, barua kwa barua, mtoto kwa mtoto. Nataka kuzisoma ripoti hizi kwa jicho la uhakiki, kama tunavyosoma hadithi fupi: nani anasimulia, wakati umepangwaje, kilele kimewekwa wapi, mwisho umefungwaje. Katika ugonjwa huu fani ina uzito wa pekee, maana inaamua ni kipi cha mtoto kitaonekana na daktari wa kesho na kipi kitapotea.

Utumbo husukuma chakula kwa neva zake wenyewe, zilizotandazwa ndani ya ukuta wake katika nyavu mbili. Wavu wa ndani, ulio karibu na utando laini, ulielezwa na Georg Meissner mwaka 1857. Ule wa nje zaidi, uliolala katikati ya matabaka mawili ya misuli, ulielezwa na Leopold Auerbach katika miaka ya 1860. Seli za neva hizi ni mamilioni kwa mamilioni, na zinaweza kuuendesha utumbo hata ukikata mawasiliano yake na ubongo. Zikiharibika, misuli ipo, njia iko wazi, lakini hakuna kinachosonga. Mtoto anatapika nyongo, tumbo linajaa gesi na kukaza, choo hakitoki. Kila dalili inasema utumbo umeziba. Ukipasua, hukuti kizibo: hakuna uvimbe, hakuna fundo la minyoo, utumbo haujajisokota. Madaktari huiita hali hii kuziba kwa uongo.

Virusi ni miongoni mwa visababishi vyake. Wanaotajwa zaidi ni jamaa wa ukoo wa herpesi: saitomegalovirusi, kirusi cha Epstein-Barr, na kirusi cha tetekuwanga. Wote wana tabia moja: wakishaingia mwilini hawatoki. Hutulia humo maisha yote, na kinachowatuliza ni kinga. Mtoto ambaye kinga yake imelegea, iwe kwa VVU, kwa kasoro aliyozaliwa nayo, kwa dawa za saratani, au kwa dawa za kulinda kiungo alichopandikizwa, hana cha kuwazuia wasiamke, wala cha kuwazuia wanapoingia kwa mara ya kwanza. Baadhi yao hufika hadi kwenye neva za utumbo.

Hebu sasa tuitazame fani. Karibu kila ripoti huanza na sentensi yenye umbo lile lile. Natunga mfano hapa, usio wa mtoto yeyote: mtoto wa kiume wa miezi saba aliletwa hospitali akiwa na historia ya siku nne ya kutapika na tumbo kuvimba. Ni sentensi ya ufundi mkubwa. Ndani ya pumzi moja tumepewa jinsia, umri, mahali, muda na tatizo. Lakini itazame tena. Aliletwa na nani? Kauli ya kutendwa imemfuta mleta. Siku nne zilihesabiwa na nani? Kuna mtu aliyekesha, aliyeona nepi inakaa kavu tangu asubuhi hadi jioni, aliyegundua kwamba matapishi yamegeuka kijani, aliyejaribu dawa ya chango aliyopewa na bibi kabla ya kuomba nauli ya daladala. Ushahidi wote wa sentensi ile ni wa mama huyo. Ripoti imeuchukua, ikaufanya nomino, ikamwacha shahidi mlangoni.

Sisemi kwamba kauli ya kutendwa ni kosa. Inalinda siri ya mgonjwa, na inamwezesha daktari wa Osaka kumlinganisha mtoto huyu na wake bila kuzuiwa na mambo ya mtaa asioujua. Lalamiko langu ni juu ya wakati. Siku nne ni muda wa dharura, na fani hii inaipenda dharura kwa sababu inaleta taharuki. Ugonjwa wenyewe mara nyingi una miezi nyuma yake: vipindi vya tumbo kujaa na kupungua, choo kinachopotea na kurudi, uzito usiopanda. Mambo hayo yanapewa kisengerenyuma kimoja chembamba, aya inayosema mtoto alizaliwa salama na chanjo zake zimekamilika, kisha tunakimbizwa kwenye chumba cha eksirei. Taharuki imelipiwa kwa historia ya mtoto.

Kuna ripoti ya zamani inayoonyesha jinsi usimulizi unavyoweza kulipeleka jicho pasipo. Mwaka 1886, mjini Berlin, daktari wa watoto kutoka Copenhagen aitwaye Harald Hirschsprung aliwasilisha habari za watoto wawili wa kiume waliokufa kabla ya kutimiza mwaka mmoja, wote wakiwa na tatizo kali la kufunga choo na tumbo lililovimba. Aliyaeleza matumbo yao mapana kwa uangalifu: yametanuka kupita kiasi, kuta zimekuwa nene. Kalamu yake ilikaa pale palipokuwa pakubwa. Sehemu nyembamba ya chini, karibu na njia ya haja, haikuwa na cha kustaajabisha, ikapita bila kushukiwa. Kwa miongo mingi baada yake madaktari wa upasuaji waliendelea kuishughulikia sehemu pana, na watoto wakaendelea kuugua. Kasoro ilikuwa katika ile sehemu nyembamba isiyovutia jicho: ilizaliwa bila seli za neva. Ndipo mwaka 1948 Orvar Swenson na mwenzake, huko Boston, walipochapisha upasuaji wa kuiondoa sehemu hiyo nyembamba, na matumbo yakaanza kufanya kazi.

Watoto wa Hirschsprung walizaliwa bila neva hizo. Watoto ninaowazungumzia hapa walizaliwa nazo, kisha zikaharibiwa. Ila hatari kwa msimuliaji ni ile ile: maelezo hufuata ukubwa. Tumbo lililovimba linapata aya tatu na picha mbili. Seli iliyokufa ndani ya ukuta, ambayo ndiyo habari yenyewe, inapata nusu ya sentensi, na inaipata ikiwa tu kuna aliyekwenda kuitafuta.

Katikati ya ripoti ndipo fani inapokaribia kuwa hadithi ya upelelezi. Msomaji aliyekulia kwenye riwaya za Bwana Msa za Muhammed Said Abdulla anaujua mpangilio huu: tukio, vidokezo, washukiwa mmoja baada ya mwingine, ufumbuzi. Humu washukiwa ni homa ya matumbo, kifua kikuu cha tumboni, minyoo, potasiamu iliyoshuka katika damu, tezi ya shingo iliyolegea, dawa ya saratani iitwayo vinkristini ambayo yenyewe hupoozesha utumbo. Mmoja mmoja wanaulizwa na kuachiwa. Kisha daktari wa upasuaji anafungua tumbo, na hapo, mahali ambapo hadithi ya upelelezi ingemtoa mhalifu hadharani, ripoti inasema hakuna kitu. Njia iko wazi kutoka juu hadi chini.

Kwangu mimi huo ndio wakati ambao fani hii hupata heshima yake. Kukanusha kumegeuka kuwa ugunduzi. Mwandishi mzuri hukaa hapo: anaeleza jinsi utumbo ulivyopapaswa wote kwa mkono, kipi kilitazamwa, rangi ya ukuta ilikuwaje, misuli ilijibu au haikujibu ilipoguswa. Anamwachia msomaji nafasi ya kuelewa kwamba kutokuonekana kwa kizibo ni taarifa kamili. Mwandishi dhaifu huona aibu hapo. Anapita haraka kana kwamba upasuaji usiokuta kitu ni upasuaji ulioshindwa, anaruka hadi kwenye majibu ya maabara. Msomaji wake hatajifunza kitu ambacho kingemzuia kumpasua mtoto wake mwenyewe kesho.

Na kumpasua mtoto huyu kuna gharama isiyoishia kwenye kovu la ngozi. Kila tumbo linapofunguliwa huweza kuacha nyuzi za makovu zinazonasa utumbo, na nyuzi hizo baadaye zinaweza kuuziba kweli. Mtoto aliyeanza na kuziba kwa uongo anaweza kuishia na kuziba kwa kweli, na daktari wa tatu anayempokea hana namna rahisi ya kutofautisha. Ripoti zinazotaja upasuaji wa pili na wa tatu kwa mtoto mmoja si chache. Zisome mfululizo na utaona jambo ambalo hakuna ripoti moja inayolisema: fani hii, iliyozoea kilele cha kisu, inawapa madaktari matarajio ya kisu.

Baada ya kisu msimulizi anabadilika. Daktari wa wodi anaondoka, anaingia mwanapatholojia na hadubini yake, na mizani ya dunia inahama kutoka sentimita hadi sehemu ya elfu ya milimita. Lugha nayo inahama. Vitenzi karibu vyote vinatoweka, zinabaki rangi na maumbo: seli za limfu zimezizunguka neva, seli za neva zimepungua, kiini cha seli kimevimba na ndani yake kuna doa zito lililozungukwa na duara jeupe. Doa hilo la saitomegalovirusi linaitwa jicho la bundi, na ni taswira ya nadra katika fani isiyoruhusu tamathali za semi. Imeruhusiwa kwa sababu inafanya kazi: mwanafunzi akishaliona mara moja halisahau, na akilikuta ndani ya seli ya neva kwenye wavu wa Auerbach, kirusi kimekamatwa nyumbani kwa mtu.

Ila kuna swali la kina ambalo ripoti nyingi haziliulizi kwa sauti. Kipande cha utumbo kinachotolewa kwa kamera ya kupitishwa mdomoni au njia ya haja ni utando wa juu tu. Wavu wa Auerbach uko chini zaidi, baina ya misuli, na kipande hicho hakiufikii. Ili kuuona, lazima ukate ukuta mzima, unene wake wote, na kwa kawaida hiyo ni kazi ya upasuaji. Kwa hiyo ripoti inayoandika kwamba kipande kilichochunguzwa hakikuwa na tatizo, bila kusema kilikatwa kwa kina gani, haijasema lolote juu ya neva. Ni pengo la maneno matatu au manne, na linaweza kumgharimu mtoto utambuzi wa ugonjwa wake. Ningekuwa mhariri wa jarida la tiba ningemrudishia mwandishi karatasi yake kwa pengo hilo peke yake.

Tukifika kwenye mjadala tunakutana na mtihani mkubwa zaidi wa fani, ambao ni kuunganisha chanzo na tokeo. Mwaka 1984 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha barua ya madaktari wa Ufaransa kuhusu kuziba kwa uongo kulikoambatana na saitomegalovirusi katika wavu wa neva wa utumbo. Mwaka 1997 jarida la Gut lilichapisha kazi ya Debinski na wenzake wa London, waliotafuta chembe za urithi za virusi vya herpesi katika vipande vya matumbo ya wagonjwa wa namna hii. Mwaka 2009, katika jarida hilo hilo, Selgrad na wenzake wakaonyesha kirusi kingine, kiitwacho JC, ndani ya seli zinazozilea neva za utumbo. Nikizisoma kazi hizi kwa mfuatano, kinachonivutia ni unyenyekevu wa vitenzi vyake. Zinasema kirusi kimekutwa, kimeambatana, kimehusishwa. Ni nadra zikasema kimesababisha.

Wasomaji wengine huuona unyenyekevu huo kama woga. Mimi nauona kama sehemu ya ukweli wa jambo. Saitomegalovirusi huwapata watoto wengi wa Afrika wangali wachanga, na wengi wao hawaugui chochote. Kukikuta kirusi hicho katika damu ya mtoto mwenye VVU ni jambo la kawaida. Kukikuta katika utando wa utumbo kunaongeza shaka. Kukikuta ndani ya seli ya neva yenyewe, na seli za jirani zimekufa, hapo ndipo kitenzi kinapopata haki ya kukazwa. Ripoti nzuri inapanda ngazi hizo mbele ya macho yetu na kusimama pale ushahidi ulipoishia. Ripoti mbaya inapima damu, inapata jibu chanya, kisha kichwa cha habari kinatangaza chanzo.

Nako kuna mtego mwingine katika mjadala, mtego wa mhalifu mmoja. Masimulizi yamezoea kusema kirusi kilikuta kinga imelala, kikaingia, kikaua neva. Mwaka 2018, katika jarida la Cell, watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis walieleza panya walioambukizwa kirusi cha West Nile. Kirusi kilifika kwenye neva za utumbo, na utumbo ukapungua mwendo. Lakini seli za kinga zilizokuja kukiondoa zilishiriki katika kuziumiza neva zile zile, na panya waliopona walipata tena vipindi vya utumbo kusimama wiki kadhaa baadaye, walipokumbwa na mambo mengine yasiyohusiana na kirusi kile. Panya si watoto, na panya hao hawakuwa na kinga dhaifu. Hata hivyo ushahidi huo unavunja muundo wa adui na mlinzi. Unamfanya mtu asome upya ripoti za watoto walioanza ARV, ambao kinga inaporudi inaweza kuleta mwako mkali dhidi ya vijidudu vilivyokuwa vimejificha, na aulize ni lini hasa utumbo ulianza kusimama: kinga ilipokuwa chini, au ilipokuwa inapanda? Mara nyingi ripoti haina tarehe za kutosha kumjibu.

Kirusi hicho cha West Nile kinatuleta nyumbani. Kilipatikana mwaka 1937 katika damu ya mwanamke mwenye homa wa wilaya ya West Nile, Uganda, wakati watafiti wa taasisi ya Entebbe walipokuwa wakiitafuta homa ya manjano. Taarifa yake ilichapishwa mwaka 1940, na kichwa chake kinaitaja damu ya mwenyeji wa Uganda pamoja na upendeleo wa kirusi kwa neva. Mambo mawili yamekaa pamoja katika kichwa hicho: mtu aliyepunguzwa hadi kuwa asili yake, na tabia ya kirusi iliyoelezwa kwa usahihi uliodumu. Miaka karibu themanini baadaye upendeleo huo wa neva ulifuatiliwa hadi kwenye utumbo. Mwanamke yule sijamwona akifuatiliwa popote katika maandishi.

Ndivyo ilivyokuwa kwa kirusi cha Epstein-Barr pia, ambacho leo kinatajwa katika ripoti za watoto waliopoteza kazi ya neva zisizo za hiari, utumbo ukiwemo. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika mwaka 1958 kuhusu uvimbe wa taya kwa watoto wa Afrika. Vipande vya uvimbe wa namna hiyo vilisafirishwa kwa ndege hadi London, na mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kirusi walichokiona ndani ya seli hizo. Jina la kirusi lilichukua wawili kati ya watatu. Achong, mzaliwa wa Trinidad, aliachwa nje. Watoto hawakutarajiwa kuwamo, na kwa sababu ya siri ya mgonjwa ni sawa wasiwemo. Lakini siri haimzuii mwandishi kutuambia nani alimleta mtoto, alitoka umbali gani, na nini kilimpata baada ya kipande chake kupanda ndege.

Ripoti iliyonisumbua kuliko zote haihusu utumbo moja kwa moja. Tarehe 17 Desemba 1982, taarifa ya kila wiki ya kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani ilieleza watoto wanne, wote chini ya miaka miwili, waliokuwa na upungufu wa kinga usioelezeka, kutoka New York, New Jersey na California. Muundo wake ni wa aya fupi zinazofuatana, mtoto wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, kila mmoja kwa kalibu moja. Kurudiwa huko kuna nguvu ambayo ripoti ya mtoto mmoja haiwezi kuwa nayo: msomaji anahisi jambo kubwa linakuja kabla halijapewa jina. Mama naye yumo. Safari hii hajafutwa. Ameingia kwa nchi yake ya asili, kwa dawa za kulevya alizotumia, kwa ugonjwa wake. Amekuwa sehemu ya maelezo ya hatari, na kwa muundo huo hakuna sentensi ambamo anaweza kutuambia alichokiona kwa mwanawe.

Kwa hiyo fani inamjua mama kwa namna mbili, kama aliyefutwa na kama aliyelaumiwa. Namna ya tatu ipo, ila imeandikwa kwenye karatasi nyingine kabisa.

Kadi ya kliniki, ile yenye mchoro wa uzito, ilitokana na kazi ya David Morley, daktari Mwingereza aliyefanya kazi Ilesha, Nigeria. Miezi imepangwa chini, kilo zimepangwa kando, na kila mama anapokuja kliniki nukta moja inawekwa. Kadi hukaa nyumbani, kwenye mfuko wa nailoni pamoja na cheti cha kuzaliwa, na ni mama anayeimiliki. Isome kama matini na utaona ufundi wake. Haina msimulizi. Haina kilele. Wakati ndani yake unakwenda kwa hatua sawa, kwa hiyo hakuna dharura inayoweza kuimeza miezi iliyotangulia. Mwezi usio na nukta nao unasema kitu: mtoto alisafiri, mama aliugua, nauli ilikosekana. Na kwa mtoto ambaye utumbo wake unasimama polepole, mstari wa kadi unaweza kulala kabla mtu yeyote hajaandika neno kutapika. Ningependa kuona ripoti moja tu ya ugonjwa huu inayoanza na mchoro huo badala ya umri na jinsia. Mstari ungemwonyesha msomaji kwamba siku nne zilikuwa na miezi mingapi nyuma yake, na aliyeubeba mstari huo mfukoni angeingia katika ripoti kama mtunza ushahidi.

Kuhusu miisho sina mengi. Ripoti hizi humalizika kwa namna mbili, ruhusa au kifo. Mtoto alipewa dawa ya virusi iitwayo gansiklovia kwa mshipa, alilishwa kwa dripu, mpira wa puani ulitoa hewa na nyongo, kinga iliinuliwa kwa ARV au kwa uboho wa kupandikizwa, akaruhusiwa. Sentensi inafungwa kwa nukta ambayo mwili haukuiweka. Neva za utumbo zilizokufa hazioti upya kwa urahisi, na kuna watoto wanaoendelea kulishwa kwa mshipa muda mrefu baada ya kirusi kunyamazishwa, na hatari ya mrija kuingiza vijidudu kwenye damu, na ini linaloelemewa na chakula hicho. Hayo ni nusu ya ugonjwa, na fani imeyaacha nje kwa sababu ilikuwa na haraka ya kufunga.

Mabadiliko ya fani huenda yakaletwa na sayansi yenyewe. Anne Gershon na Michael Gershon, mke na mume, watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York, pamoja na wenzao walichunguza matumbo yaliyotolewa kwa upasuaji kwa sababu nyingine, wakakuta kirusi cha tetekuwanga kimelala ndani ya neva za utumbo za watoto waliowahi kuugua au kuchanjwa. Kirusi hicho kikiamka kwenye neva za ngozi tunakiita mkanda wa jeshi, ugonjwa ambao Afrika Mashariki nzima iliujua kama dalili ya VVU. Kikiamka kwenye neva za utumbo kinaweza kuleta maumivu makali na utumbo kusimama, siku kadhaa kabla ya malengelenge, au bila malengelenge kutokea kabisa. Mwaka 2015 walichapisha jambo lenye matumaini makubwa: alama za kirusi kilichoamka utumboni zinaweza kukutwa katika mate.

Fikiria hilo linafanya nini kwa mpangilio wa ripoti. Aya ya kwanza ingekuwa swali kwa mama, mtoto aliugua tetekuwanga lini na tumbo lilianza kumsumbua lini, na majibu yake yangeandikwa kama majibu yake. Aya ya pili ingekuwa mate ya mtoto kwenye kipande cha pamba. Aya ya tatu ingekuwa asiklovia, dawa ambayo imeshatumika kwa miongo kadhaa. Na aya ya kisu, ambayo hadi leo ndiyo kilele, kwa baadhi ya watoto isingeandikwa kabisa.